Barabara ya Kancamagus msimu wa majani: nyota nne, ya tano imekwama kwenye maegesho

Ikifika mwisho wa Agosti, ujumbe unaoingia kwenye simu yangu huwa wa aina moja: "Dada, yale majani mekundu tunayafuata lini mwaka huu?" Mimi ni mpiga picha wa harusi na sendofu. Naishi Lowell, Massachusetts, na wateja wangu wengi ni Watanzania, Wakenya na Wakongomani waliotapakaa kuanzia Boston hadi Manchester. Nikiweka mtandaoni picha moja tu ya bibi harusi amesimama chini ya mti wa mepo (maple), wiki nzima sipumui kwa maswali. Basi nimeona niandike tathmini hii mara moja, kila anayeuliza nimrushie.

Ninachotathmini ni ile sehemu ya barabara namba 112 ya New Hampshire inayoitwa Kancamagus, kutoka mji wa Lincoln hadi Conway, kama kilomita 55, karibu yote ndani ya msitu wa taifa wa White Mountain. Natia humo na vitu vinavyokula pesa ya safari: ramani za utabiri wa rangi, chumba cha kulala, tiketi, na filta ninayoifunga mbele ya lenzi. Mwenye haraka achukue hukumu hapa hapa aende zake: barabara yenyewe nyota tano, maegesho nyota mbili, ramani ya kulipia nyota moja, chumba nyota tatu, filta nyota tano. Kwa ujumla nne, na hizo nne ni za mtu anayekwenda katikati ya wiki. Anayekwenda wikiendi ya pili ya Oktoba apunguze mwenyewe kadiri roho itakavyomtuma.

Tuanze na swali la "lini", maana ndilo linalowatesa watu. Kila mtu anataka nimtajie tarehe. Siwezi, na anayekutajia tarehe tangu Julai anakuuzia kitu. Ninachokipanga mimi ni mwinuko. Lincoln iko kama mita 250 juu ya usawa wa bahari, Conway kama mita 140, na katikati yake barabara inapanda hadi Kancamagus Pass penye mita 870. Pale juu hewa ni baridi kuliko bondeni kwa nyuzi nne hivi, kwa hiyo rangi inaanzia juu na kushuka taratibu. Wiki ya mwisho ya Septemba unaweza kukuta mibetula (birch) ya juu imeshakuwa njano tupu huku Conway mepo ndiyo kwanza zinaanza kuwa na tawi moja moja jekundu. Siku kumi baadaye mambo yamegeuka: juu kumebaki vijiti na misonobari, bondeni kunawaka. Barabara moja inakupa wiki mbili za msimu ndani ya mwendo wa saa moja. Ndiyo sababu namwambia kila mtu aje huku kwanza kabla ya kuhangaika na vijiji vya jimbo jirani la Vermont, vilivyo maridadi lakini kila kimoja kimekaa kwenye kimo kimoja.

Anayetaka kujua kinachotokea ndani ya jani, ni hivi. Siku zikifupika, mti unaanza kuziba njia kati ya jani na tawi. Klorofili, yaani ile rangi ya kijani, inavunjika na haitengenezwi nyingine. Njano ya karotenoidi ilikuwamo humo humo tangu jani likiwa kijani, ilifunikwa tu. Nyekundu ni habari nyingine kabisa: anthosianini inatengenezwa wakati huo huo, kutokana na sukari iliyonasa ndani ya jani, na inapenda mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofika kugandisha. Kwa hiyo njano utaipata karibu kila mwaka, ila nyekundu ni majaliwa. Mwaka wa mawingu mengi na usiku wa joto, mepo zinatoka na rangi ya chungwa iliyofifia. Kiangazi kikiwa cha ukame, miti inaharakisha na kupukutisha mapema. Ukiona Agosti nzima nyasi za jirani yako zimekauka, wahisha safari kwa siku kadhaa.

Mama yangu yuko Sikonge, Tabora. Nilipomtumia picha ya mlima mzima umegeuka rangi ya shaba alinijibu kwa sauti: "Kumbe huko nako miombo imeshachipua?" Na kwa macho ya mtu wa kwetu yuko sahihi, kwa sababu miombo huvaa nyekundu mwezi wa tisa na wa kumi kabla ya mvua, tofauti ni kwamba yale ni majani machanga yanayoingia na haya ni makongwe yanayotoka. Mbinu nyingi za picha nitakazozitaja huko mbele zinafaa pia barabara ya Tabora kwenda Sikonge Septemba ikifika, kwa hiyo mlioko nyumbani msifunge ukurasa.

Sasa ramani. Kuna programu ya kulipia niliyoinunua, jina naliacha. Kasoro yake ni moja lakini ni ya kuua: inapaka kaunti nzima rangi moja. Kaunti ya Grafton, ambamo Lincoln imo, ina bonde la mto Connecticut kule chini na ina mlima Lafayette wenye mita 1,600. Utaipakaje rangi moja? Siku niliyofika, ramani ilikuwa imeandika "kilele" kwa herufi kubwa. Pale Pass mibetula ilikuwa imeshabaki mifupa, kule Conway mepo nyingi zilikuwa bado kijani, na hicho kilele chenyewe kilikuwa kwenye kipande cha barabara kati ya hapo, unakipita ukiwa bado unamenya ndizi. Nilirudishiwa pesa? Thubutu. Nyota moja hiyo ni kwa sababu rangi za ramani zilipangwa vizuri.

Bure ndiko kwenye ukweli. Ofisi ya utalii ya jimbo ina ukurasa wa kufuatilia majani, umegawanya New Hampshire katika kanda saba, na unapigwa msasa upya msimu wote. Huo unakupa picha ya jumla. Kisha fungua kamera za moja kwa moja: Mount Washington Observatory wanazo, mlima Cannon nao wana yao. Kuanzia Septemba ikielekea ukingoni naziangalia kila asubuhi nikinywa chai, na baada ya siku nne tano unaona kabisa mstari wa rangi ukishuka mlimani. Hakuna algorithimu inayoshinda kuona kwa macho yako mwenyewe. Angalia saa nne asubuhi au saa tisa alasiri, siyo alfajiri, kwa sababu mwanga wa alfajiri unafanya hata kijani kionekane chekundu.

Ukishaelewa mwinuko, kuchagua pa kulala kunakuwa rahisi. Mimi nalala Lincoln kwa sababu ni kama saa mbili tu kutoka Lowell kwa barabara ya 93, na kwa sababu nikikuta nimewahi napanda: Pass, au mapito mengine ya milimani kama Crawford Notch, au Pinkham Notch penye mita 619 hivi. Nikikuta nimechelewa nashuka: Conway, halafu kusini kwa barabara namba 16 hadi ziwa Chocorua, ambako mlima Chocorua unajiangalia majini kama vile uliwekwa pale kwa ajili ya wapiga picha. Nikiwa nimechelewa zaidi ya hapo, naenda ukanda wa ziwa Winnipesaukee. Mialoni huko inashika kahawia na wekundu wa kutu wakati milimani kumeshaisha kazi. Hakuna safari iliyoharibika, mradi gari lina mafuta.

Na hapo kwenye mafuta nisikilizeni vizuri. Kwenye kilomita zote hizo 55 hakuna sheli. Hakuna mgahawa, hakuna duka, na mtandao wa simu unapotea mara tu ukiiacha Lincoln na unarudi unapokaribia Conway. Jaza tenki, shusha ramani kwenye simu kabla hujatoka chumbani, beba chakula. Mimi nabeba chapati, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai ya tangawizi, na sijawahi kujutia uzito wake. Vyoo vipo kwenye vituo vikubwa, ni vya shimo, visafi kuliko nilivyotarajia. Maegesho mengi ya msituni yanalipiwa dola 5 kwa siku: unachukua bahasha kwenye kisanduku, unatia pesa, kipande unakining'iniza kwenye kioo cha ndani ya gari, na kipande hicho kinafanya kazi vituo vyote siku nzima. Beba noti za tano tano, kisanduku hakitoi chenji. Mwenye pasi ya mwaka ya mbuga za taifa haihitaji hiyo bahasha.

Barabara yenyewe naitumia hivi. Mwanzoni mwa Oktoba jua linachomoza kwenye saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano asubuhi. Natoka Lincoln kungali giza, navuka Pass, nashukia upande wa mashariki hadi kituo cha kutazama cha Sugar Hill. (Kuna mji mwingine uitwao Sugar Hill karibu na Franconia, kifaa cha kuongoza njia kinaweza kukupeleka huko. Hakikisha.) Hapo jua linaingia kwa ubavu na milima inapangana tabaka kwa tabaka, ukungu umelala bondeni. Huhitaji kutembea, unaegesha na kupiga, kwa hiyo hata mwenye mzee garini anafaidi. Tumia lenzi ndefu. Wengi wanafika na simu wakitaka mandhari yote iingie, matokeo yake ni anga nusu, lami robo, na mstari mwembamba wa rangi. Kuanzia milimita 100 kwenda juu unakata kipande kimoja cha mteremko chenye mepo tatu nyekundu katikati ya misonobari ya kijani kilichoiva, na hiyo ndiyo picha ambayo mtu ataiweka sebuleni.

Mwanga ukishakuwa mkali naingia msituni, kwenye maporomoko ya Sabbaday. Kutoka maegesho ni mwendo mfupi, kama nusu kilomita, na maji yanaanguka kwa hatua tatu ndani ya ufa wa mwamba, kisha yanakunja kona yakaingia kwenye dimbwi la kijani. Safari ya mwisho nilikuwa na rafiki yangu mama wa Kibukavu anayekaa Manchester. Alichovya vidole akavirudisha mbio. "Ee mama! Hii mayi inauma!" Kuogelea pale hairuhusiwi, na baada ya hapo hakuna kati yetu aliyelalamikia katazo hilo.

Hapa ndipo filta inapojilipa. Ni polaraiza ya kuzungusha, ya milimita 77, niliinunua Nashua, ng'ambo tu ya mpaka. New Hampshire haitozi kodi ya mauzo, wakati kwetu Massachusetts ni asilimia 6.25, kwa hiyo vifaa vyangu vyote nanunua nikiwa njiani. Nilimpa rafiki yangu aangalie kwenye kioo cha kamera huku nikizungusha ile pete pole pole. Mwanzo mwamba ulikuwa unang'aa mweupe kama umepakwa mafuta, na majani yaliyonatia juu yake yalionekana kama vipande vya bati. Pete ikazunguka kama robo. Mng'ao ukaanza kuondoka kuanzia pembeni, jani moja likatoka njano, la pili likatoka jekundu na mishipa yake yote, kisha chini ya maji ya dimbwi yakaonekana mawe na majani mengine yaliyozama ambayo kwa macho matupu hatukuwa tumeyaona. "Hapo hapo, usiguse," akaniambia. Hiyo ndiyo kazi yake: inaondoa mng'ao wa maji na wa unyevu juu ya jani, na rangi iliyokuwa chini inajitokeza. Hakuna kitufe cha kompyuta kinachoweza kurudisha kitu ambacho mng'ao ulikificha wakati unapiga.

Ina gharama zake. Inakula mwanga, karibu stopu moja na nusu (kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu), kwa hiyo msituni bila tripodi huendi popote. Kwa maporomoko hilo siyo tatizo, maana unataka spidi ya shata ya nusu sekunde hadi sekunde moja ili maji yatoke laini kama hariri. Ukivuka hapo yanageuka pamba isiyo na umbo. Na kwenye lenzi pana sana usiifunge kabisa anga likiwa la bluu, itakuachia doa la giza upande mmoja wa mbingu. Jambo jingine: Rocky Gorge, kilomita kadhaa mbele ukielekea Conway, kuna daraja la waenda kwa miguu juu ya mto Swift ambalo kila mtu anasimamisha tripodi yake katikati. Mtu mmoja akipita, mbao zinatikisika na picha yako imekwisha. Sogea pembeni kwenye mwamba, au subiri daraja liwe tupu, jambo ambalo saa mbili asubuhi linawezekana na saa tano haliwezekani.

Siku ya mawingu usinune. Kwa maporomoko na kwa picha za watu, wingu ni bora kuliko jua. Jua linafaa ukiwa unapiga kuelekea linakotoka, majani yakiwa kati yako nalo, ndipo yanapowaka kwa ndani. Na uangalie mambo mawili ambayo kamera itakudanganya. La kwanza, ukiiacha ijipange rangi yenyewe, inauona ule unjano mwingi kama kosa la taa na kuupoza. Weka alama ya jua au ya wingu uiache hapo. La pili, nyekundu ya mepo inajaa haraka kuliko rangi nyingine. Grafu ya mwanga ya kamera (histogramu), ile ya jumla, inakuonyesha uko salama, kumbe jani limeshakuwa doa tupu. Fungua grafu ya nyekundu peke yake, au punguza mwanga theluthi mbili za stopu, utaupandisha nyumbani.

Kwa wanaokuja kupigwa picha, hasa maharusi wangu: msivae rangi ya chungwa. Najua inaonekana ndiyo rangi ya msimu. Mnapotea. Niliwahi kupiga familia nzima iliyoshonewa sare ya kitenge cha kahawia na chungwa, kwenye picha kulionekana vichwa vinavyoelea. Kitenge cha bluu ya bahari, zambarau au kijani cha zumaridi kinatoka mbele chenyewe. Na ngozi zetu zinapenda sana kivuli cha mibetula ya njano: mwanga unaorudi kutoka kwenye majani unaupa uso shaba ya asili, sihitaji hata flashi. Chini ya misonobari ni kinyume chake, kijani kinarudi usoni na mtu anaonekana kama ametoka kuugua malaria. Sogeza mtu hatua kumi tu, mambo yanabadilika.

Daraja la mbao lenye paa la Albany, la mwaka 1858, ni zuri kwa picha za watu, lipo karibu na mwisho wa barabara upande wa Conway. Foleni ya kupiga picha humo ni ya heshima, watu wanapokezana. Maporomoko mengine, Champney Falls, nawaambieni mwezi wa kumi maji yake mara nyingi ni machache, kwa hiyo usipande huko ukitegemea maporomoko makubwa. Jina ni la mchoraji Benjamin Champney, aliyekuwa na makazi North Conway karne ya 19, enzi ambazo wachoraji walikuja milima hii na turubai zao kama tunavyokuja sisi na kamera. Jioni narudi nikipanda magharibi, na jua likielekea kuzama kwenye saa kumi na mbili na robo nakuwa kwenye kituo cha Pemi au kile cha Hancock penye kona kali. Ukirudi gizani endesha pole pole. Kuna moose huku, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, kimo chake ni kama cha pofu na miguu yake ni mirefu kiasi kwamba ukimgonga mwili unakuja moja kwa moja kwenye kioo. Vibao vya kuwahofia vimewekwa kwa sababu.

Nyota nilizozinyima sasa. Maegesho ya Sabbaday yana nafasi chache, na wikiendi ikifika saa tatu asubuhi yameshajaa. Watu wanaanza kuegesha ukingoni mwa barabara, watoto wanavuka katikati ya magari, foleni inafunga. Jumatatu ya pili ya Oktoba ni sikukuu Marekani, na Wakanada nao siku hiyo hiyo wana sikukuu yao ya shukrani, kwa hiyo namba za Quebec na za Massachusetts zinakutana zote kwenye barabara ya njia mbili. Nilikwenda wikiendi hiyo kwa sababu mteja alisisitiza. Tulitumia muda mrefu zaidi kuangalia taa za nyuma za gari la mbele kuliko kuangalia mti wowote. Mimi Jumamosi huwa niko ukumbini napiga harusi, kwa hiyo siku zangu za kawaida ni Jumanne na Jumatano, na nashukuru kazi yangu kwa hilo. Artist's Bluff kule Franconia Notch, lile jabali linalotazama ziwa Echo na mlima Cannon, hali ni mbaya zaidi: njia ya kupanda ni fupi, picha ni ya kupendeza mno, na kila mtu anajua. Uwe pale kabla ya jua, ama uache.

Moteli niliyolala Lincoln, jina naliacha pia, ilikuwa safi na maji ya moto yalikuwepo. Nyota tatu kwa sababu ya masharti. Wikiendi hawakubali chini ya usiku mbili, malipo yote unatoa mapema, na ukifuta hurudishiwi kitu, sasa mtu atafuataje majani ambayo hayana tarehe? Juu ya bei kuna kodi ya jimbo ya vyumba, asilimia 8.5, ambayo haikutajwa kwenye bei ya kwanza niliyoonyeshwa. Usiku wa Jumanne ulinigharimu chini ya nusu ya bei waliyonitajia kwa Jumamosi ya wiki hiyo hiyo. Chumba ni kile kile, kitanda ni kile kile.

Tiketi ya Flume Gorge ilikuwa dola 18 nilipoinunua mtandaoni, kwa saa maalumu ya kuingia. Ni korongo lenye urefu wa kama mita 240, kuta za mawe zimebanana, njia ya mbao inapita ndani yake. Husimuliwa kwamba aliyeligundua mwaka 1808 ni bibi wa miaka 93, Jess Guernsey, akiwa katika matembezi ya kuvua samaki. Kwa familia yenye watoto ninaipa nne. Kwa mpiga picha wa majani naipa mbili na nusu: ndani ni giza, watu ni wengi, na majani mengi yako juu kabisa kichwani. Kama bajeti inabana, weka hiyo 18 kwenye mafuta, uende Sabbaday mara mbili.

Baridi nisiisahau. Alfajiri inaweza kugusa sifuri hata mwanzoni mwa Oktoba, na betri zinakufa haraka. Ya akiba naiweka mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Glovu ziwe zile zinazoacha ncha za vidole wazi. Mibetula ya Pass ikishabaki vijiti msifunge begi, mteremko wa upande wa Conway bado una siku zake.

Ya mwakani nimeshashika chumba, safari hii upande wa North Conway, Jumatatu hadi Alhamisi ya wiki ya kwanza ya Oktoba. Bei iko juu kidogo kuliko ile moteli, lakini naruhusiwa kufuta bila makato hadi saa 48 kabla ya kufika. Nafasi ndani ya gari zimebaki mbili. Anayetaka aniandikie, achangie mafuta, na aje na kitenge cha bluu.